Mkutano wa Kula

Kama kuna watu wawili katika Trans-Nzoia nzima ambao hawakufaa kuachiwa herufi L na R bila msimamizi, ni Mbugua na mkewe Roselyne. Mbugua, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri wakanunua shamba, L hakuwa nayo kabisa: yeye alikura, akarara, akaamka asubuhi kwenda kuuza maziwa kiro kumi. Roselyne Nakhungu, mzaliwa wa Matulo, alikuwa kinyume chake. Kwake kulikuwa na balua na kalatasi, na kila miaka mitano wananchi walipanga foleni wakapiga kula. Binti yao Nduta alikulia katikati ya hao wawili, na maskini ya Mungu ikabidi ajifunze Kiswahili kwa redio.

Lakini msiwacheke upesi. Katika miaka thelathini ya ndoa hawakuwahi kugombana hata siku moja kwa sababu ya ulimi. Kila mmoja alikuwa amezoea kumsikiliza mwenzake na kumnyoosha kichwani kimyakimya, bila kumwaibisha mbele za watu. Na ni kunyooshana huko, nakwambia, ndiko nusura kuuze msitu wa Kaptorok.

Msitu wenyewe uko juu ya Kachibora, kwenye ardhi ya umma. Ukiingia, kwanza unapita miti ya saipras iliyopandwa kwa mistari, ambayo hukatwa na kupandwa tena, na hakuna anayelalamika. Ukipanda zaidi, mistari inaisha. Hapo ndipo wanaanza wazee: podo na mierezi ambayo babu za babu za watu wa huko waliikuta tayari imezeeka. Chini ya podo moja, ambayo darasa zima la nne likishikana mikono ndilo linalotosha kuizunguka, hutoka chemichemi. Maji hayo huingia kwenye bomba, bomba likashuka hadi shuleni, kwenye makanisa mawili na kituo cha maziwa. Roselyne alikuwa na mizinga kumi na mmoja ya nyuki ukingoni mwa msitu, na kwa miaka minne alikuwa katibu wa chama cha msitu, kazi isiyo na mshahara wala shukrani.

Habari zililetwa na Nduta. Alikuwa na kibanda cha kutoa fotokopi mjini Kitale, na siku ya Jumatano karani mmoja alimletea tangazo la kunakili. Nakala ya kwanza ilitoka na madoa, karani akaikataa, akachukua mbili safi akaondoka. Nduta aliisoma ile yenye madoa, akaisoma tena, akampigia mamake. Tangazo lilisema wanachama wa Kaptorok wangekutana Jumatatu saa nne uwanjani mwa shule, kuidhinisha "kuondolewa kwa miti iliyokomaa kupita kiasi" katika kitalu cha tisa.

"Mami," Nduta aliuliza, "kitalu cha tisa si ndiko maji yanatoka?"

Roselyne aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nakala mbili tu kwa wanachama mia mbili na kumi na wawili, na Jumatatu yenyewe ni siku ya soko Kachibora, wakati hata kuku hubaki nyumbani peke yao. Aliijua katiba ya chama kwa moyo. Wasipofika wanachama mia moja arobaini na wawili, hakuna kura. Uamuzi unarudi kwa kamati ya watu saba. Na wanne kati ya hao saba walikuwa wameonekana wiki hiyo wakitembea na gambuti mpya, viatu vya mpira vya rangi moja, saizi tofauti.

* * *

Mwenye kununua gambuti alikuwa Levi Mukhwana, wakala wa kiwanda kimoja cha mbao, mtu mnene mwenye sauti tamu kama asali, mzaliwa wa Malakisi. Jumatano hiyo hiyo jioni alifika kwa Roselyne, akakalia kiti cha Roselyne, akanywa chai iliyotiwa asali ya Roselyne, kisha akazungumza na mumewe tu kana kwamba mwenye nyumba alikuwa amesafiri.

Alimtaka Mbugua kwa sababu hakukuwa na mpasuaji mbao kama yeye kutoka Kachibora hadi Kitale. Msumeno wake wa injini ulikuwa umelala chini ya kitanda miaka mitatu, umefungwa kwa gunia, na kila mwezi Mbugua aliutoa, akaupaka mafuta, akaufunga tena, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Levi alimwambia kazi ingeanza Jumanne asubuhi. Alisema siku hizi fundi mzuri anakaa nyumbani akikamua ng'ombe wa mama, na hiyo si haki.

Ng'ombe walikuwa wa Roselyne kweli, walinunuliwa kwa asali. Mbugua aliangalia chai yake. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tutaona."

Hilo tutaona lilimchoma Roselyne kuliko nyuki wote aliowahi kufuga. Siku mbili zilizofuata waliongea habari za ng'ombe tu: huyu amekula, yule ana kupe. Ijumaa asubuhi, wakikamua, Mbugua alijaribu kuvunja ukimya. Akasema eti shida ya chama cha msitu ni kwamba hakina ukarimu, mnaita watu wakae juani saa tatu nzima na hamwapi hata chai, ndiyo maana hawaji. Roselyne akamjibu kwamba anayetaka chai aende harusini. Ndoo ikajaa, mazungumzo yakaisha.

Aliapa moyoni hatamwomba mumewe kura. Mtu mzima haombwi kulinda maji anayokunywa.

Mchana alikwenda kwa Kibiwott, afisa wa misitu aliyekuwa na jukumu la kusimamia mkutano. Kibiwott alikuwa kijana mkimya, aliyevaa sare iliyopauka. Alimweleza Roselyne kwamba yeye hawezi kuegemea upande wowote, lakini kusoma majina anaweza. Bila daftari la wanachama lenye sahihi, alisema, mtu yeyote anaweza kuleta lori la wageni Jumatatu na kuwaita wanachama. Baada ya hapo akaanza kupanga kalamu zake mezani. Roselyne alielewa, akamshukuru.

Daftari la asili lilikuwa Bungoma.

* * *

Pauline, aliyekuwa katibu kabla yake, alihamia Bungoma na cherehani yake miaka minne iliyopita, akashona sare za shule karibu na soko la Chepkube. Roselyne alipofika kwake Jumamosi, kumbe hakuwa amelitupa daftari. Alikuwa ameligeuza: mbele wanachama wa Kaptorok, nyuma vipimo vya mikono na viuno vya watoto wa nusu ya Bungoma. Roselyne alilikumbatia hivyo hivyo. Walihesabu sahihi pamoja, wakawakumbuka waliokufa, wakacheka hadi mteja aliyekuja kupima suruali akaondoka kwa wasiwasi.

Sasa kilichobaki ni kuwaita watu. Mtandao wa simu ule upande wa msitu huja na kuondoka utakavyo, na ujumbe wa maandishi haufiki hadi baada ya mazishi. Njia ya hakika ilikuwa ubao wa kituo cha maziwa, ambako kila mkulima hupita asubuhi, na matangazo ya makanisani Jumapili. Aliyekuwa na chaki na miguu ya kufika huko Jumamosi hiyo alikuwa mmoja tu. Roselyne alipiga moyo konde, akampigia Mbugua.

Alijua atamsikia vibaya. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mumewe tangu waoane. Alisimama wima katikati ya vitambaa vya Pauline, akakumbuka jinsi Nduta alivyomfundisha akiwa msichana wa shule, ulimi ugonge juu, utetemeke, na akalitamka neno hilo polepole, kwa heshima zote.

"Andika: Jumatatu saa nne. Mkutano wa kura."

Lilitoka safi. Pauline aliinua mguu kwenye cherehani na kumtazama. Upande wa pili Mbugua akauliza, "Wa nini?"

"Wa kura," Roselyne alisema tena, na likatoka safi zaidi. "Wanachama wote. Waje na kadi. Wasikose."

Mbugua alisema amesikia. Sauti yake ilikuwa imechangamka ghafla, mpaka Roselyne akaona labda amemsamehe. Alikata simu akiwa amejaa fahari. Umri wa miaka hamsini na mitatu, na hatimaye amesema R mbele ya mashahidi.

* * *

Alirudi Jumapili alasiri, daftari likiwa limefungwa ndani ya leso. Mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani alikuwa mzee Wabwile, mwanachama nambari tatu, ambaye hakuwa amehudhuria mkutano hata mmoja tangu alipougua goti. Alimshika Roselyne mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kesho atafika, goti au hakuna goti, na akamwombea baraka. Wanawake watatu waliokuwa wakitoka kanisani walimwambia vivyo hivyo. Mmoja alimuuliza kama kila mtu aje na sahani yake.

Roselyne aliharakisha hadi kituo cha maziwa. Maandishi ya Mbugua yalikuwa makubwa na mazuri, maana alikuwa na mwandiko mzuri:

JUMATATU SAA NNE, UWANJA WA SHULE. MKUTANO WA KULA. WANACHAMA WOTE WA MSITU. BILA KADI HAKUNA KULA. MSIKOSE.

Alikimbia nyumbani. Uani kulikuwa na sufuria tano za kanisa, kilima cha viazi na wanawake wanne wakimenya. Juu ya ua ilitandazwa ngozi, na Roselyne aliitambua ngozi hiyo. Ilikuwa ya Mheshimiwa, dume la kondoo ambalo Mbugua alilinenepesha miaka miwili na kukataa kuliuza kwa mtu yeyote. Mbugua mwenyewe alikuwa amejifunga leso kiunoni, anakata nyama, anapiga mluzi.

Roselyne alimvuta nyuma ya zizi, akamuuliza amefanya nini. Mbugua alishangaa kuulizwa. Alieleza taratibu. Alijua mkewe ametafakari yale maneno ya chai, akaona afadhali awafanyie watu ukarimu. Akaona pia pesa ya kufanya ukarimu huo haipo. Basi akamtoa Mheshimiwa, kama njia ya kusema pole kwa lile tutaona.

"Lakini nilikuambia kula," Roselyne alisema, karibu alie. "Ile ya kupiga. Nilisema vizuli kabisa, Pauline ni shahidi."

"Mama Nduta, mimi nakujua," Mbugua alisema. "Ukijikaza kusema vizuri ndio unakosea. Si urijikaza ukamwambia askofu karibu kura, na haikuwa siku ya uchaguzi? Nirisikia hiyo R imevaa suti. Nikasema, hapana, hiyo si R. Hiyo ni ire ingine."

Roselyne alifungua mdomo apige kelele, na kicheko ndicho kilichotoka. Alicheka akishika ukuta wa zizi. Mara moja tu maishani amelitamka neno sawasawa, na mtu pekee aliyempenda kiasi cha kumsahihisha akalisahihisha. Mbugua alianza kucheka pia, bila uhakika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano walitazamana machoni.

Kisha Roselyne akakumbuka kanuni ya kumi na nne ya chama, na kicheko kikamkauka. Mwanachama akipewa au kuahidiwa chakula, kinywaji au zawadi siku ya kura, kura hiyo ni bure. Aliiandika yeye mwenyewe, mwaka ule wa uchaguzi wa kamati ulioendeshwa kwa sukari. Levi angehitaji kuusoma ubao tu. Na akiufuta ubao sasa, watu watasikia hakuna nyama, watakwenda sokoni, na msitu utaamuliwa na gambuti nne.

Mbugua alimuuliza waache kupika au waendelee. Roselyne alifikiri, akasema waendelee. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba watu lazima wafike.

* * *

Wakafika. Kabla ya saa nne uwanja ulikuwa umejaa, na wengine bado walionekana wakishuka kwenye mteremko wakiwa na sahani, mabakuli, kuna mmoja alileta beseni. Upepo ulikuwa upande mzuri: moto wa Mbugua ulikuwa nyuma ya jiko la shule na harufu ya Mheshimiwa ilizunguka uwanja mzima. Kibiwott aliweka daftari mezani, akaita majina, mwenye jina akaonyesha kadi. Watu kadhaa walioletwa na Levi walikosa majina yao, wakaambiwa wakae nje ya kamba. Hesabu ilipoisha walikuwa mia moja sitini na watatu. Roselyne alihesabu vidoleni: ishirini na mmoja zaidi ya waliohitajika.

Levi hakuonekana kufurahi. Lakini hakuwa na haraka. Alisimama, akasifu umati, akaeleza kwa ile sauti yake kwamba miti ya kitalu cha tisa imezeeka, haikui tena, inakalia nafasi ya mingine, na kuiondoa ni kuusaidia msitu upumue. Mzee Wabwile aliinua fimbo kutoka mstari wa mbele.

"Kama kuzeeka ni makosa," alisema, "mnikate mimi kwanza. Niko hapa kalibu."

Uwanja uliangua kicheko. Levi alicheka pia, akangoja watulie, akatoa simu. Alikuwa ameupiga ubao picha. Aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaisoma kanuni ya kumi na nne, naye aliisoma vizuri sana. Akamwambia Kibiwott kwamba hapa hakuna wanachama, kuna wageni wa karamu, na mkutano huu ni bure. Kamati ipewe kazi yake.

Kibiwott alimtazama Roselyne kwa huzuni ya mtu anayejua sheria. Roselyne alisimama na kuanza kueleza kwamba ni kosa la kuandika, neno lilikuwa lile la kupiga.

"Lipi hilo, mama?" Levi aliuliza kwa upole. "Hebu litamke, wananchi wasikie."

Alijua anachofanya. Roselyne aliugongesha ulimi juu kama alivyofanya Bungoma. Lakini Bungoma hapakuwa na macho mia tatu.

"Kula," alisema.

Wale wa gambuti walicheka. Mmoja akarudia, kula, kula. Roselyne alihisi uso ukiwaka hadi masikioni, akatamani ardhi impokee. Hapo ndipo Mbugua alipotokea kutoka jikoni, leso kiunoni, mwiko mkononi.

"Mimi ndiye niriandika," alisema. "Yeye arisema vizuri. Mimi nikamrekebisha."

Na akasimulia yote, hadharani, bila kuficha: simu, askofu, ile R iliyovaa suti, hadi kifo cha Mheshimiwa. Nusu ya uwanja ilikuwa ya watu wa Bungoma waliohamia huku na nusu nyingine ilikuwa ya kina Mbugua, na hakukuwa na nyumba hata moja pale isiyokuwa na kisa kama hicho. Walicheka hadi wakafuta machozi kwa sahani zao. Hata Kibiwott aliinamia daftari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini kwa mara ya kwanza kicheko hakikuwa juu ya Roselyne. Kilikuwa upande wake.

Kibiwott alipoinua kichwa alisema kosa ni kosa, lakini ahadi imekwisha tolewa na nyama iko motoni. Ahadi ikiondolewa mbele ya wote, na ikiondolewa kabisa, hapo ataweza kuendelea. Levi aliuliza itaondolewaje, na hali kila mtu anajua mkutano ukiisha watajificha nyuma ya madarasa na kula.

Roselyne alitazama zile sufuria tano. Alitazama madarasa, ambako shule nzima ilikuwa imebanana madirishani tangu harufu ianze. Akajua kwa nini hakuufuta ubao.

"Mwalimu Lolna," alimwita mwalimu mkuu, "tafadhali watoe watoto. Wote. Wakule saa hii, hapa mbele yetu, mpaka iishe." Kisha akawageukia wanachama. "Mimi sina kitu cha kuwapa. Mtu mzima hapati hata mfupa. Mwenye alikuja kwa sababu ya nyama, aende sokoni, hakuna mtu atamsema. Mwenye atabaki, abaki na njaa yake."

Mwalimu Lorna hakungoja aambiwe mara mbili. Alifungua milango, na watoto wakamwagika. Hawakuwa na sahani. Walipanga foleni mbele ya Mbugua wakiwa na mikono mitupu, na kwa muda hakuna aliyejua la kufanya. Mzee Wabwile aliitazama sahani yake, aliyokuwa ameibeba kutoka nyumbani kwa goti baya, nayo ilikuwa kubwa kweli. Akamnyooshea msichana wa mbele. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akatoa bakuli lake. Sahani zikaanza kupita juu ya vichwa, kutoka nyuma hadi mbele, na lile beseni likawatosha watoto wa chekechea wanane.

Kwa dakika arobaini wanachama wa msitu wa Kaptorok walikaa juani wakitazama watoto wakila kondoo. Walimeza mate. Walitaniana. Mtu mmoja aliomba anuse tu, akaambiwa kunusa pia ni rushwa. Waliokwenda sokoni walikuwa wawili, na mmoja wao alirudi.

* * *

Kura ilipigwa kwa mlolongo. Wanaotaka wazee wa kitalu cha tisa waachwe, wapange nyuma ya Roselyne kwenye tangi la maji. Wanaotaka waondolewe, wapange nyuma ya Levi langoni. Watu waliinuka, vumbi likatimka, na Roselyne akasimama ameelekea tangi, akijikataza kuangalia jikoni.

Levi ndiye aliyeita. "Fundi Mbugua," alisema kwa sauti ya kusikika, "njoo huku. Kesho si tuna kazi?"

Watu waligeuka. Kila mmoja alijua habari ya msumeno ulio chini ya kitanda. Mbugua alisugua sufuria ya mwisho, akaifunika. Akafungua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, polepole, kama mtu asiye na safari. Roselyne alikodolea macho jiwe moja lililokuwa chini na kuhesabu pumzi zake. Alisikia hatua. Hakujua zinakwenda wapi hadi kivuli kilipoangukia lile jiwe.

"Songa kidogo, mama Nduta," Mbugua alisema nyuma yake. "Jua rinanichoma."

Roselyne alisonga. Furaha ilimpanda kwa nguvu hata akaona haya, mtu mzima mbele ya watu, na hakuthubutu kugeuka.

Kibiwott alihesabu mara mbili. Langoni walikuwa kumi na tisa. Kwenye tangi walikuwa mia moja arobaini na watatu, na foleni ilikuwa imezunguka madarasa mawili, kwa hiyo wa mwisho walikuwa wamesimama karibu kabisa na Levi, wakimpa mgongo. Mmoja wa wale wa gambuti alionekana humo humo kwenye foleni ndefu, amejificha nyuma ya mama mnene. Alisema alipata kiu. Kibiwott aliandika, akagonga muhuri, akatangaza kwamba kitalu cha tisa hakiguswi. Vigelegele vilivyopigwa viliwafanya watoto walioshiba waamke walipokuwa wamelala chini ya miti.

* * *

Walifika nyumbani jua likishuka, wamechoka, wananuka moshi, na tangu asubuhi hakuna aliyetia kitu mdomoni. Nduta alikuwa amepiga simu mara sita kutoka Kitale kuuliza kama ni kweli mamake ameita watu mia na sitini wakaona nyama kwa macho. Kwenye ua ngozi ya Mheshimiwa ilikuwa bado imetandazwa. Ndani kulikuwa na unga na sukuma wiki, basi.

Roselyne alitaka kuwasha moto, Mbugua akamkalisha kwenye kiti chake, kile alichokalia Levi. Akasonga ugali mwenyewe. Alipokuwa akiugeuza, Roselyne alimuuliza lile ambalo hakutaka kumuuliza siku tano: kama msumeno utabaki chini ya kitanda, si roho yake itauma?

Mbugua alifikiri. Alisema Kibiwott amemwambia kuna saipras za kupunguzwa huko chini mwaka ujao, kazi halali. Na isipokuwepo, basi haipo.

"Niriambia Revi tutaona," alisema. "Si tumeona?"

Akaweka sahani mbele yake, akamwagia maji ya kunawa. Yalikuwa ya baridi, ya kutoka juu, na Roselyne aliyaacha yapite vidoleni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mbugua alimega ugali, akamsogezea.

"Kura, mama Nduta."

"Nimeshapiga," Roselyne alisema, akachukua tonge.